Kamba Kwenye Kichuguu

Jumamosi, Machi 15

Mume wangu. Naandika tena ili nione linavyokaa kwenye karatasi: mume wangu. Leo tumefikisha wiki tatu, na bado nikisikia mlango ukifunguliwa jioni moyo unaruka kama wa msichana wa Form Two.

Leo hakunipeleka town wala kula chipsi. Amenipeleka msituni! Nimekulia Kawangware, na maisha yangu yote nimekuwa nikiupita ule msitu kando, nikidhani ni mahali pa majambazi na fisi. Kumbe ndani kuna njia, kuna kijito, kuna miti ya mihugu, minene hivi kwamba mimi na yeye tukiukumbatia mmoja mikono yetu haikutani. Tulijaribu. Osewe huchomelea milango na vitanda kando ya barabara hapa Kibera siku tano, lakini Jumamosi ni ya chama chao, Marafiki wa Msitu. Wanaokota plastiki, wanapanda miche, wanahesabu ndege. Mume wangu mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche anawajua ndege kwa sauti! Anasimama, anainua kidole, anasema, "Huyo," na mimi natazama kidole.

Jumanne, Machi 18

Mvua ya kwanza. Mabati yalilia hadi hatukusikiana, ikabidi tuongee kwa macho. Sikulalamika.

Jumamosi, Machi 22

Nimeona mdiria. Sina hakika kama nina maneno yake. Ni mdogo kuliko ngumi yangu, mgongo wa buluu kama sare mpya ya shule, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Alipita mbele yetu na mdudu mdomoni, akapotelea kwenye vichaka upande wa kijito.

"Ana kiota hapo chini," Osewe akaninong'oneza. "Mwaka jana hakuja. Mwaka juzi hakuja. Babe, amerudi!"

"Nionyeshe."

"Zii. Tukikaribia atahama. Tunaangalia tukiwa kwa njia tu. Hata wewe, Nyar Kimilili, hata ukilia." Kwa Kijaluo ananiita hivyo, binti wa Kimilili, kwetu kwa asili.

Macho yake yalikuwa na maji. Nikajisemea: mwanamume anayeweza kulilia ndege atanililia na mimi.

Jumatatu, Machi 24

Jirani yetu wa mlango wa tatu, Mama Mourine, ana mdomo. Leo kwenye mfereji mbele ya watu wote: "Bibi arusi, mbona unafua shuka kila siku, hamlali?" Wanawake walicheka hadi ndoo ikamwagika. Yeye huuza githeri pale kona, na kuni zake huzitoa msituni. Ana kibali, siku mbili kwa wiki, kuni zilizoanguka zenyewe tu, bila panga. Ni Mluhya kama mimi, wa Vihiga, kwa hiyo anajiona ana haki ya kunilea. Sitaki kulelewa. Nimeolewa.

Jumamosi, Machi 29

Chama kimegundua nina mwandiko mzuri. Sasa mimi ndiye ninayenakili hesabu za ndege kwenye fomu safi kila Jumamosi. Kwarara kumi na wanne, wadiria wawili. Osewe alinishika bega mbele ya wote akasema, "Huyu ni wangu." Nilikosea kuandika tarehe.

Alhamisi, Aprili 3

Tumegombana, ugomvi wetu wa kwanza, na ulikuwa mtamu. Tulikuwa tunazungumzia kumbikumbi. Yeye anasema kwa Kijaluo ni ng'wen, mimi nasema kwa Kibukusu ni chiswa, yeye anasema wa kwao Bondo ni wanono kuliko wetu, mimi nasema hajawahi kuonja wa mama yangu. Kisha akaacha utani, akasema tangu mama yake afariki hajakula kumbikumbi wa kukaangwa mbichi, wa siku hiyo hiyo. Wanaouzwa sokoni ni wakavu, wamekaa gunia wiki nzima.

Nimeamua kitu lakini siandiki.

Jumanne, Aprili 8

Naandika haraka kabla hajarudi, nacheka peke yangu!

Mama Mourine mgongo unamsumbua, akaniomba niende naye kuni. Tukiwa chini ya mteremko, mbali kidogo na njia, nikakiona: kichuguu kikubwa, kinanifika kifuani, na juu yake vitundu vidogo vibichi. Mtu wa kwetu haambiwi. Kumbikumbi wako karibu kuruka. Lakini nisikilizeni: kichuguu chote kilikuwa kimezungushiwa kamba! Vijiti vinne na kamba ya nailoni ya buluu, na fundo ni lile la Osewe, la kuzungusha mara mbili na kuchomeka, analofungia mabati kwenye mkokoteni. Fundo hilo nalijua kama sahihi yake.

Kwetu Kimilili ukikuta kichuguu kilicho tayari unakizungushia kamba, na hakuna mwenye adabu atakayekigusa tena. Kina mwenyewe. Kwa hiyo mume wangu ametuwekea kichuguu! Mazungumzo yale ya Alhamisi hakuyasahau! Anataka kunishangaza. Haya, tutaona nani atamshangaza nani.

Mama Mourine alikitazama akasema, "Hiyo kamba ni ya watu wa msitu, mimi siigusi."

"Ni ya bwana yangu," nikamwambia. "Na cha bwana yangu ni changu."

Akacheka. "Mapenzi ya wiki sita!"

Alhamisi, Aprili 10

Mvua asubuhi, jua kali mchana, siku yenyewe hasa. Nilienda tena na Mama Mourine na wenzake. Akaniazima blanketi lake kuukuu la miraba ya kahawia, lile analojiwekea mgongoni chini ya kuni, akaniambia, "Usikawie, saa kumi tunatoka."

Nilifanya kama nilivyofundishwa na nyanya. Nikaziba matundu yote kwa tope, nikabakiza moja la juu. Upande wa nyuma chini kulikuwa na tundu kubwa, la upana wa yai, nikadhani ni la panya. Nililishindilia vizuri zaidi ili asinilie kumbikumbi wangu. Nikafunika kwa majani, nikatandaza blanketi, nikafunga kwa kamba ile ile ya Osewe, nikaweka sufuria mdomoni mwa tundu. Kisha nikachukua vijiti viwili nikapiga taratibu kama mvua. Walitoka! Walitoka kama maji ya mfereji! Nikasikia filimbi ya Mbithi, askari wa msitu, akiita watu watoke. Fundo lilikuwa limelowa, likakataa kufunguka, nikaacha blanketi nikakimbia na sufuria.

Jioni niliwakaanga, na Osewe akala kwa macho yaliyofumbwa. "Umetoa wapi hawa?"

"Kawangware, kwa mama," nikamdanganya, nikijibana nisicheke. Jumamosi atakuta kichuguu chake kimevunwa, atajua, atanikimbiza msitu mzima.

Jumamosi, Aprili 12

Nisipoandika sitalala.

Tulifika asubuhi, watu wanane, mimi nikitembea nyuma nimeziba mdomo kwa leso kwa kicheko. Osewe akaondoka kwenye njia akashuka mteremko. Nikasubiri agundue, aniite. Hakuniita. Mbithi alikuwa amefika kabla yetu na amesimama pale na blanketi mkononi.

Osewe alipiga magoti upande wa nyuma wa kichuguu. Akachimba tope kwa vidole. Tope langu. Lilikuwa limekauka kama tofali. Alipofungua lile tundu la panya aliingiza mkono hadi kiwiko, akatoa kitu kidogo, akakiweka kwenye nyasi. Akatoa kingine. Akatoa cha tatu. Manyoya yao ya buluu yalikuwa yameanza kutoka, kama ncha za kalamu.

Kiota cha mdiria hakikuwa kwenye ukingo wa kijito. Huyu mdogo huchimba kichuguu. Mimi nilidhani "hapo chini" ni mtoni, kwa sababu wadiria wa kwetu wako mtoni.

"Niliweka kamba," Osewe akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Niliweka kamba ili watu wapite mbali."

Mbithi akainua blanketi. "Hii naijua. Si ni ya Mama Mourine? Kila siku iko kwa mgongo yake."

Wote wakaguna. Mmoja akasema, "Hawa wamama wa kuni!" Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwa mume wangu. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Ningelisema wakati ule lingekuwa kosa tu, kosa la mjinga. Nililimeza. Nilimeza, halafu nikaenda kumfuta mikono kwa leso yangu, na akaniambia, "Asante, babe."

Asante.

Jumapili, Aprili 13

Jumapili ya matawi. Sikushika tawi.

Jumanne, Aprili 15

Wamemwita Mama Mourine kwenye kibanda cha askari. Nilienda kuandika mambo ya kikao kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Ndegwa, alimuuliza kwa upole. "Blanketi ni lako, mama?"

"Ni langu."

"Ni wewe uliyefunika kile kichuguu?"

Nilikuwa natazama kalamu. "Blanketi ni langu," akasema tena. "Nimeshasema."

Hapo Osewe akasimama. Sijawahi kumsikia hivyo. "Mtu mzima! Ameona kamba! Anaua watoto wa ndege kwa sababu ya tumbo! Na ndio hao hao wakipewa kibali wanajifanya wanapenda msitu." Mama Mourine ni rika la marehemu mama yake. Alimsikiliza hadi mwisho, akajifunga leso upya kiunoni, akasema, "Umemaliza, mwanangu?"

Kibali chake kimesimamishwa hadi mwisho wa masika. Nimeandika. Mwandiko umenyooka, hauna hata doa.

Jumatano, Aprili 16

Nilimfuata Mama Mourine mferejini. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukusema?"

Akaendelea kusuuza sufuria. "Niseme nini? Niseme bibi arusi wa wiki saba amemuaibisha bwanake mbele ya wenzake? Mimi pia niliolewa. Nikavunja redio ya bwanangu wiki ya pili, mtoto wa jirani akachapwa."

"Ulisema baadaye?"

"Hapana." Akainua macho. "Na yule mtoto sasa ni mzee ana wajukuu, na nikimwona mazishini napita upande mwingine. Joan, mimi nimekubebea. Sijasema nitakubebea mpaka lini. Hiyo ni kazi yako kujua."

Mimi ndiye niliyeandika humu kwamba ana mdomo.

Jumamosi, Aprili 19

Fomu ya leo ina sehemu ya viota vilivyoharibika. Kuna mstari wa sababu. Osewe alinisomea, mimi nikaandika: "Mkusanya kuni." Nilipofika herufi ya mwisho nilibonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Osewe akasema, "Pole, ni hasira, hata mimi ninayo."

Pasaka, Aprili 20

Mvua. Tumeimba kwamba amefufuka. Wale watatu hawakufufuka.

Alhamisi, Aprili 24

Mvua.

Ijumaa, Aprili 25

Mvua. Osewe ameninunulia viatu vya mpira, vya manjano, vya kuingilia msituni. Amenivalisha mwenyewe, kapiga goti kama siku ile ya pete. Nimelia, akadhani ni furaha. Ni mwanamume mzuri hivi, na kila wema wake sasa unanichoma kama cheche.

Jumanne, Aprili 29

Kona ya githeri iko tupu. Bei ya makaa imemshinda. Nimemwona Mama Mourine akitoka Nyayo Highrise ambako anafulia watu nguo, ameshika mgongo kwa mikono miwili, anapumzika kila baada ya nguzo moja ya stima. Osewe alikuwa nami. Hakumsalimia. Nilimwambia, "Si umsalimie mama." Akasema, "Nimsalimie nimwambie nini?"

Nimeogopa. Sikuogopa kugunduliwa. Niliogopa uso wake. Zamani uso huo haukujua kumpita mtu mzima bila salamu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Alhamisi, Mei 1

Leba Dei. Nimeenda Kawangware kwa mama. Nilimweleza yote tukichambua mboga ya mrenda, nikitarajia anipige kofi. Ningefurahi.

"Ndege?" akasema. "Unataka kuvunja nyumba yako kwa ajili ya ndege?"

"Si ndege, mama. Ni Mama Mourine."

"Huyo ameamua mwenyewe. Joan, skiza. Ndoa ni kufunika. Ukiona, funika. Ukisikia, funika."

Nampenda mama yangu. Lakini neno hilo "funika" lilinitoa nje, nikasimama kwenye mvua. Najua jinsi ninavyofunika. Nafunika vizuri sana, naziba kila tundu, na walio ndani hawapati pumzi.

Jumanne, Mei 6

Nilianza kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza chai ikamwagika. Mara ya pili akanibusu.

Jumamosi, Mei 10

Nimesema.

Leo kulikuwa na mkutano mkubwa, watu kama arobaini chini ya turubai, mvua ikipiga. Wanawake wa kuni walikuja wote kumi na saba, wakakaa nyuma pamoja. Mama Mourine alikuwa katikati yao. Kulikuwa na pendekezo: kwa sababu ya tukio la kichuguu, vibali vyote vya kuni vifutwe, vya wote, daima. Mbithi mwenyewe alipinga. Alisema hao wamama ndio humtajia watu wanaokata miti, wao ndio macho yake. Osewe aliliunga mkono pendekezo. Alisema, "Tulimwamini mmoja, tukaona."

Mzee Ndegwa akauliza kama kuna mwingine kabla ya kuinua mikono. Nikasimama. Watu wakadhani nataka kusoma yaliyoandikwa. Osewe alinitabasamia.

"Kile kichuguu nilikifunika mimi," nikasema. "Si Mama Mourine. Blanketi aliniazima, na aliniambia yeye haigusi ile kamba. Mimi niliigusa."

Nikaeleza. Nikawaambia kamba kwetu inamaanisha nini, na kwamba nilijua fundo la mume wangu nikafikiri ni kwa ajili yangu. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Uwi, hata sisi kwetu!" na mwingine akaitikia. Nikawaambia kuhusu lile tundu na tope. Nikawaambia kwamba nilijua ukweli tangu saa ile ile vifaranga walipotolewa, na kwamba mengine yote baada ya hapo hayakuwa ujinga. Nilisema, "Hiyo wiki ya kwanza nilikosea. Hizi zingine nne nimeiba jina la mtu."

Pendekezo liliondolewa. Mama Mourine amerudishiwa kibali hapo hapo. Mimi nimezuiwa kuingia msituni hadi mwisho wa mwaka, na ni haki. Mzee Ndegwa aliongeza kwamba kabla ya masika yajayo niende kwa wanawake wote wa kuni na makanisa yetu, Kibera na Kawangware, niwaambie hiyo kamba ina maana gani hapa. "Kwa mwandiko wako mzuri uandike na vibao," akasema. Sikujua kama ananidhihaki.

Osewe aliinuka, akavuka turubai hadi nyuma, akasimama mbele ya Mama Mourine. Nilidhani atamnyooshea mkono. Akapiga magoti kwenye tope, na ile suruali yake ya Jumamosi.

"Inuka," Mama Mourine akamwambia. "Inuka, mwanangu, utachafuka. Tumbo langu limekusamehe." Wanawake wakacheka na kulia pamoja. Hata yeye alicheka. Osewe peke yake hakucheka.

Jumapili, Mei 11

Ameniongelesha kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, tumepita mtaa wa Ayany, akasimama ghafla.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ndio."

"Nikiwa peke yangu. Nisikie peke yangu. Umeniacha nimesimama mbele ya watu arobaini na maneno yangu yote yale niliyomwambia yule mama."

"Ndio."

"Yaseme tena."

"Osewe, tafadhali."

"Yale maneno. Wewe ndiye uliyeyaandika. Yaseme."

Nikayasema, barabarani, watu wakitupita na Biblia zao. Mtu mzima. Ameona kamba. Kwa sababu ya tumbo. Alisikiliza hadi mwisho, kama Mama Mourine alivyosikiliza. Kisha akasema, "Nilikula. Nilikula nikafumba macho," na akatembea mbele yangu hadi nyumbani.

Jumanne, Mei 13

Saa mbili asubuhi nimewaona wanawake wa kuni wakipita kwenda msituni. Mama Mourine alisimama mlangoni kwangu. Sikujua niseme nini, nikamwambia asante.

"Asante ya nini? Nilikusamehe siku ulipoongea," akasema. "Lakini sijasahau, na usiniombe nisahau. Kesho njoo unisaidie kuchambua maharagwe." Akaenda.

Jumamosi, Mei 17

Mvua zimeanza kupungua. Osewe ametoka kwenda kuhesabu ndege, peke yake. Nimebaki nimefua, nimepika, nimeketi, nimesimama.

Alirudi saa saba. Akanawa mikono muda mrefu. Sikumuuliza kuhusu wadiria, akasema mwenyewe: hawajaonekana, hakuna aliyetarajia. Tukaketi. Nilimpakulia ugali na mboga. Nikaogopa kusubiri zaidi, nikamuuliza kile ambacho nimekuwa nikikiuliza ukuta wiki nzima.

"Umenisamehe?"

Alitafuna, akameza. Akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano, kama anavyotazama mti akiwa hana hakika ni ndege gani yuko ndani.

"Sijui," akasema. "Nikijua nitakwambia."

Sikulia. Hakuna mtu aliyenidanganya leo katika nyumba hii, wala mimi sikumdanganya mtu. Alisukuma sahani ya mboga upande wangu, akasema nile, imepoa. Nikala.